Jinsi ya kupima maji ya kijito kilicho jirani na machimbo ya makaa ya mawe

Habari zenu. Leo nipo Mbinga, mkoani Ruvuma, kwenye kijito kinachoteremka kuelekea Mto Ruhuhu na mwisho wake Ziwa Nyasa. Malori mnayoyasikia nyuma yangu yamebeba makaa ya mawe. Huku Ngaka yanachimbwa tangu 2011. Sijaja kusema maji haya yamechafuka, wala sijaja kusema ni safi. Nimekuja kupima, na nataka ukimaliza kutazama uweze kupima ya kwenu.

Vifaa nimevitandaza hapa juu ya kanga: kipima pH cha mkononi (pH ni namba ya ukali wa asidi: 7 ni katikati, chini ya hapo maji yana asidi), kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme, futi kamba, chaki, chungwa moja, chupa za maabara na daftari. Nikilazimika kuacha kimoja nyumbani, daftari siliachi.

Tuanze na mahali pa kupimia. Wengi wanakwenda moja kwa moja pale maji yalipobadilika rangi, wanapima, wanapiga picha, wanaondoka. Ukifika nazo ofisini unaulizwa, "Na juu kule je?" Unabaki kukodoa macho. Kwa hiyo chagua sehemu mbili: moja juu, kabla kijito hakijafika machimboni, nyingine chini, baada ya kupita. Kama kijito kinaanzia humo humo machimboni, tafuta kingine cha jirani kisichopitiwa na uchimbaji, kiwe ndicho cha kulinganishia. Pima zote siku moja, kila mwezi, sehemu zile zile. Mvua za kwanza za Novemba na Desemba usizikose, maana ndizo zinazoosha chumvi zilizojikusanya kiangazi kizima kwenye vifusi.

Pili, sawazisha kipimo. Hapa nina aibu ya kuwasimulia. Mwaka jana nilipata pH 4.1 nikamwita mwenyekiti wa kijiji, akina mama wakamwaga ndoo zao. Kesho yake nikagundua kile kichwa cha kioo kilikuwa kimekauka ndani ya begi. Maji hayakuwa na shida, shida ilikuwa mimi. Sasa tazama: nachovya kwenye maji maalumu ya pH 7, nasubiri namba itulie, narekebisha. Nasuuza. Nachovya kwenye ya pH 4, narekebisha tena. Kila siku ya kupima, kabla ya kushuka mtoni. Na ukimaliza kazi, kichwa kirudi kwenye kifuniko chake chenye maji yake ya kuhifadhia.

Haya, sasa mtoni. Simama ukitazama maji yanakotoka, ili tope unalotibua lipite nyuma yako. Chovya, subiri, soma, andika hapo hapo.

Ngoja nieleze tunachotafuta. Kwenye makaa na miamba yake mara nyingi kuna madini ya pairaiti, chuma kilichoungana na salfa, yanayong'aa kama dhahabu. Yakiwa chini kabisa yametulia. Yakifukuliwa yakakutana na hewa na maji, yanatengeneza asidi ya salfuriki na kuachia chuma. Lakini pH haishuki siku hiyo hiyo. Kamulia ndimu kwenye maji yenye magadi: yanatoa povu, na ukali wa ndimu unapotea, mpaka magadi yaishe. Mto nao una magadi yake. Yanapigana na asidi kimya kimya, na muda wote huo kipimo cha pH kinakuonyesha 7 nzuri tu. Kinachopanda mapema ni salfeti, chumvi inayotokana na asidi hiyo, na ndiyo maana nakipenda hiki kingine cha umeme: chumvi zikiongezeka majini, namba yake inapanda. Ukiona sehemu ya chini inapanda mwezi hadi mwezi na ya juu imetulia, usisubiri pH. Na pH ikishuka kutoka 7 hadi 6, asidi imeongezeka mara 10, si kidogo.

Rangi je? Tope la rangi ya kutu kwenye mawe ni dalili, ila si ushahidi. Hata chemchemi za kawaida zina chuma. Ule utando unaong'aa kama mafuta, uguse na kijiti. Ukivunjika vipande kama gamba, ni bakteria wa chuma. Ukijirudia kuungana, hayo ni mafuta kweli.

Chungwa sasa. Pima mita 10 kandokando ya kijito, liachie katikati, hesabu sekunde. Rudia mara tatu. Maji yakiwa kidogo uchafu ule ule unaonekana mkubwa, kwa hiyo bila kujua kasi na kina utajidanganya.

Tusisahau visima. Shimo la makaa likienda chini, maji yake yanavutwa nje kwa pampu ili watu wafanye kazi, na visima vya jirani vinaweza kushuka. Paka chaki mita ya mwisho ya futi kamba, funga kitu kizito mwishoni, teremsha mpaka uguse maji. Shika alama pale ukingoni, vuta juu, ona chaki ilipoloa. Hapa nilishika mita 9, chaki imeloa sentimita 40. Kwa hiyo maji yako mita 8 na sentimita 60 kutoka ukingoni. Fanya alfajiri kabla watu hawajachota, na chora alama ya rangi kwenye ukingo ili kila mtu apimie hapo hapo.

Mwisho ni chupa. Suuza mara tatu kwa maji ya mto wenyewe, izamishe mdomo ukitazama mkondo, ijaze mpaka pomoni, funga. Ya madini ya chuma waombe maabara wakupe chupa yenye asidi tayari. Hiyo usiisuuze wala usiifurishe. Andika jina la sehemu, tarehe na saa juu ya chupa, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Kisha kwenye boksi la barafu.

Maabara ya maji ipo Songea na chupa zinatakiwa zifike leo leo, kwa hiyo naomba mniwie radhi, basi lile linapiga honi.