Kukagua Gari la Turbo Lililokanyagwa Sana Kabla ya Kulinunua

Asalaam aleikum, ndugu watazamaji, na karibuni Malindi. Gari mnaloliona nyuma yangu ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2006, yenye injini ya turbo ya lita 2.0 na giaboksi ya mkono, na mwenyewe analiuza bila kuficha kwamba amelikanyaga vilivyo, yaani ameliendesha kwa kasi na kwa nguvu. Leo nitawaonyesha, hatua kwa hatua, namna ya kulikagua gari la aina hii ili mjue kama ni la kununua au ni la kumwachia mwingine. Nimechagua Subaru kwa sababu Wakenya wanaipenda, na mapenzi hayo yana asili yake: Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns naye akashinda kwa Impreza mwaka 2000. Hata hivyo, mengi nitakayoyasema yatamfaa pia anayetafuta Mitsubishi Lancer Evolution au gari lingine lolote lenye turbo.

Niseme msimamo wangu mapema. Kukanyagwa peke yake si kasoro, kwani injini hizi ziliundwa zikanyagwe. Kinachoziua ni kukanyagwa kabla oili haijapata moto, kukanyagwa oili ikiwa imepungua, na kuzimwa ghafula baada ya mbio. Turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa zaidi, huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na mhimili wake hauna kinga ila utando mwembamba wa oili, kwa hiyo injini ikizimwa wakati turbo ingali na joto kali, oili iliyosalia mle ndani huungua na kuganda kama masizi magumu. Swali la kumuuliza muuzaji, basi, si kama gari lilikimbizwa, bali aliyelikimbiza alilihudumia vipi. Mimi ningelichukua gari la kijana aliyekuwa akilipeleka mashindanoni, ambaye ana risiti za kubadilisha oili kila kilomita 5,000, nikaliacha lile ambalo dalali anaapa kuwa liliendeshwa na mwalimu wa kwenda shule na kurudi, huku ekzosi yake ina mdomo mpana kama sufuria ya pilau.

Hatua ya kwanza hufanyika kwa simu. Mwambie muuzaji kwamba utafika asubuhi, na umwombe asiliwashe gari kabla hujafika. Mwombe pia nakala ya logibuku, kisha utafute rekodi za gari kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani kupitia eCitizen, uone kama jina la mwenye gari ndilo la huyo unayezungumza naye, na kama hakuna benki au mkopeshaji aliyeandikwa kuwa mmiliki mwenza. Ukifika, linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini na ile ya logibuku, halafu uitafute namba ya injini. Namba ya injini ikitofautiana si lazima pawe na wizi, maana injini za WRX hubadilishwa mara nyingi zikifa. Lakini ni lazima ujue injini iliyomo ilitoka wapi, na kwa nini ile ya kwanza iliondolewa.

Kumbukeni pia kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Gari la mwaka 2006 kama hili limeshakaa nchini miaka mingi, kwa hivyo karatasi ya mnada wa Japani, inayoeleza hali ya gari lilipouzwa huko, hata ikiwa safi, inasimulia utoto wake tu. Historia unayoihitaji iko kwa mafundi wa hapa.

Hatua ya pili ni kuitazama injini ikiwa baridi. Kabla ya salamu kukolea, fungua boneti na uweke kiganja juu ya injini. Ukikuta ina moto ilhali uliomba isiwashwe, jua kwamba kuna sauti au moshi ambao mwenyewe hakutaka uukute, na una haki ya kupanga siku nyingine. Chomoa dipstiki utazame kiwango cha oili. Oili nyeusi si neno, lakini oili iliyo chini ya alama ya mwisho katika gari la turbo linalokanyagwa inanitosha mimi kukata tamaa, kwa sababu kwenye kona kali oili hukimbilia upande mmoja, pampu ikavuta hewa, na beringi za mkono wa pistoni zikasagana chuma kwa chuma. Fungua mfuniko wa oili uangalie kama kuna utelezi mweupe kama maziwa, ambao ni dalili ya maji kuchanganyika na oili. Fungua mfuniko wa rejeta, kwa kuwa injini bado baridi, uhakikishe kwamba maji yamejaa na hayana mafuta juu yake. Mwisho, uliza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini. Kiwango cha kawaida cha injini hii ni kilomita 100,000, na mkanda ukikatika, vali hugongana na pistoni. Jibu la "bado uko sawa" bila risiti lihesabu kuwa haukubadilishwa, na gharama yake uiweke kwenye hesabu ya bei.

Hatua ya tatu, gari liwashwe. Mwombe mwenzako aliwashe huku wewe umesimama nyuma, nje ya njia ya moshi. Moshi mweupe unaotoweka baada ya dakika moja ni unyevu tu wa asubuhi, na hapa pwani hauonekani sana. Mweupe unaoendelea, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayoungua, na katika Subaru mara nyingi maana yake ni kwamba gaskiti ya kichwa cha injini imeharibika. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Moshi wa buluu ni oili, na huo unahitaji subira: liache gari lingurume palepale kwa dakika tatu, kisha likanyagwe kidogo. Wingu la buluu likitoka mara moja na kupotea, shuku turbo au sili za vali, lakini likitoka kila gari linapovuta mzigo barabarani, ringi za pistoni zimechoka. Ngurumo ya kukatikakatika ya WRX ya zamani, ambayo vijana wanaipenda, inatokana na mabomba ya ekzosi yasiyo na urefu sawa, wala si ugonjwa. Ubaya wake ni kwamba inaficha sauti zilizo ugonjwa. Kwa hiyo sikiliza kwa mbele, karibu na chini ya injini, na usijali ukionekana mtu wa ajabu.

Hatua ya nne ni chini ya gari, na kwetu Malindi hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Gari lililolala miaka kadhaa karibu na ufuo, kusi ikivuma na kaskazi ikivuma, au lililofanya kazi kule kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, linaweza kuwa na injini nzuri juu ya chasisi iliyooza. Lipandishwe kwenye lifti au juu ya shimo la gereji, wala usitosheke na jeki. Pitisha tochi kwenye mabomba ya breki, kwenye maungio ya sabfremu, yaani fremu ndogo ya chini inayobeba injini, na ndani ya matao ya magurudumu ya nyuma, ambako Impreza huoza kuanzia ndani kuja nje, hata rangi ikavimba wakati bati limeshakwisha. Fungua pia boneti tena utazame minara ya shoki, yaani mahali ncha za juu za shoki zinapofungwa: rangi iliyopasuka kuzunguka bolti, au bati lililokunjamana, huonyesha kwamba gari liliruka likatua vibaya au liligonga. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini ya gari zima juzi juzi mimi huichukulia kuwa pazia. Mwombe muuzaji ruhusa ya kuikwangua kidogo mahali pamoja, akikataa, umeshajibiwa.

Ukiwa hapo hapo, tazama breki na matairi. Diski zenye mabaka ya buluu ziliungua kwa joto, na ukingo uliochongoka pembeni unaonyesha zimelika. Kipimo cha mwisho cha unene huwa kimeandikwa kwenye diski yenyewe. Hivi ni vitu vya kubadilishwa, si vya kukutisha. Matairi yana uzito zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu gari hili huvuta kwa magurudumu yote manne, na tairi zikitofautiana mzingo kwa zaidi ya milimita 6 hivi, difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, hufanya kazi bila kupumzika mpaka ife. Yote manne yawe ya aina moja na yawe yamelika sawa. Tarehe ya tairi husomwa kwenye namba nne za ubavuni: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021.

Hatua ya tano ni barabarani, na aanze kuendesha mwenyewe. Wengi huona hili ni adabu tu, lakini mimi naliona ni kipimo, maana mtu aliyezoea kulikanyaga gari likiwa baridi atalikanyaga hata mbele yako, mkono hausahau mazoea. Elekeeni Gede, barabara ni nzuri, na mtii mwendo unaoruhusiwa. Baada ya dakika kumi hivi, oili ikiwa imepata moto, chukua usukani. Ukiwa gia ya nne kwa mwendo mdogo, kanyaga mafuta mpaka chini: mizunguko ikipanda kabla ya mwendo, klachi inateleza. Kisha, ukiwa gia ya tatu na barabara ni tupu, panda kutoka mizunguko 2,500 hadi 4,500 kwa dakika, uachie ghafula. Mlio mkavu wa kugonga kutoka chini ya injini unapoachia, hasa kati ya 2,000 na 3,000, ni beringi, na hapo biashara imekwisha. Ingiza gia ya pili na ya tatu haraka bila nguvu; giaboksi ya gia tano ya WRX si imara kama ile ya gia sita ya STI, toleo kali zaidi la gari hili, na ikikwaruza ujue ndiko ilikoumia. Mwisho, zunguka polepole kwenye uwanja mgumu usukani ukiwa umekatwa mwisho. Gari likisita na kujivuta, difu ya katikati imekamata.

Hatua ya sita ni kumlipa fundi ambaye si rafiki wa muuzaji apime mgandamizo wa silinda. Injini iwe na moto, plagi zote nne zitolewe, petroli izuiwe, na mafuta yakanyagwe hadi mwisho wakati wa kuizungusha. Tarakimu moja moja hazisemi mengi kama tofauti baina yake. Mkipata 150, 148, 152 na 118, ile ya mwisho haivumiliki, kwa kuwa tofauti ikizidi asilimia 10 hivi lazima sababu itafutwe. Ukinunua ile yenye injini ya lita 2.5, zingatia silinda ya nne, kwani pistoni za injini hizo zinajulikana kwa kupasuka kwenye kingo za ringi. Gari likiwa limeongezwa presha ya turbo, uliza ni nani aliyerekebisha programu ya kompyuta yake na kwa petroli gani, maana mengi ya magari haya yaliundwa kwa petroli ya oktani ya juu ya Japani. Presha zaidi juu ya petroli hafifu huleta mlipuko wa kabla ya wakati, nao hupasua pistoni polepole bila kelele ya kumshtua dereva. Fundi achomeke skana pia. Mashine ikionyesha kwamba majaribio ya ndani ya kompyuta hayajakamilika, huenda kuna mtu aliyefuta makosa kabla hujafika.

Yote yakienda sawa, jumlisha mkanda, klachi, matairi na diski, uitoe jumla hiyo kwenye bei, halafu ubaki na akiba ya kutengeneza injini ambayo hutaigusa kwa kununulia gari. Asiye na akiba hiyo asinunue WRX iliyokanyagwa, hata ikiwa nzuri. Kabla ya kulipa, kubaliana na muuzaji kwamba oili itabadilishwa kwa gharama yako, filta ya zamani fundi aikate mbele yenu, na karatasi yake ikunjuliwe juani. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vinavyong'aa vya rangi ya shaba vikionekana, mlipe muuzaji oili yake mpya, mshukuru, na mrudishie ufunguo.