Kalamu ya Nani? Namna ya Kumpima Mgombea Urais wa Marekani

Kaka na dada zangu, najua wengi wenu mmeshaapa uraia wa Marekani na mtapiga kura, kwa hiyo sitawaeleza tena vyama ni vipi na uchaguzi ni lini. Nitasema lile ninalolisema kila mwaka wa uchaguzi, maana bado naona watu wanagombana sebuleni kuhusu ahadi bila kuuliza swali la kwanza: ahadi hii inatimizwa kwa kalamu ya nani? Ya rais peke yake? Ya Bunge? Inahitaji kura 60 za Seneti, moja ya mabaraza mawili ya Bunge hilo? Au Mahakama ya Juu itaifuta?

Chukua karatasi, uigawe safu tatu. Safu ya kwanza andika ahadi kama mgombea mwenyewe alivyoitamka, si kama mtangazaji alivyoifupisha. Ya pili, andika mwenye mamlaka. Ya tatu, andika ahadi ya aina hiyo ilipojaribiwa mara ya mwisho iliishia wapi. Safu hii ya tatu ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye kazi.

Tuijaze pamoja. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, na hakijapanda tangu 2009. Mgombea akisema atakifikisha dola 15, ukumbi mzima unapiga makofi. Lakini kima hicho kimo ndani ya sheria. Kwa amri yake, rais anaweza kugusa malipo ya wafanyakazi wa wakandarasi wa serikali. Wewe unayepakia mizigo kwenye ghala la kampuni binafsi, amri hiyo haikugusi. Wewe unahitaji sheria mpya, na sheria ya kawaida inakwama Seneti kama hakuna kura 60 kati ya 100 za kufunga mjadala. Upo mlango wa bajeti unaopitika kwa wingi mdogo wa kura, ila kinachopita hapo lazima kihusu hasa mapato na matumizi ya serikali. Februari 2021 chama cha Democratic kilijaribu kupitisha dola 15 kwa mlango huo. Kilikuwa na rais, Baraza la Wawakilishi, na Seneti ya 50 kwa 50 yenye kura ya makamu wa rais ya kuvunja sare. Afisa wa kanuni za Seneti akasema kipengele hicho hakistahili kuwemo. Kikaondolewa. Kwa hiyo safu ya pili usiandike "Rais". Andika "Maseneta 60".

Mikopo ya wanafunzi je? Agosti 2022 Biden alitangaza kufuta hadi dola 10,000, na hadi 20,000 kwa waliokuwa wamepata ruzuku ya Pell, ile ya serikali kwa wanafunzi wa kipato kidogo. Tarehe 30 Juni 2023 Mahakama ya Juu ikaufuta mpango huo, majaji 6 kwa 3. Gereza la Guantanamo, lile la jeshi la Marekani kule Cuba? Obama alisaini amri ya kulifunga ndani ya mwaka mmoja, tarehe 22 Januari 2009. Bunge likazuia fedha za kuwahamishia wafungwa ndani ya Marekani yenyewe, na gereza halikufungwa. Saini ilikuwepo, fedha hazikuwepo.

Najua kuna anayewaza: basi rais wa Marekani hana nguvu, tunapoteza muda. Hapana, hapana. Geuza karatasi upande wa pili, kwa sababu nguvu yake iko kwenye mambo ambayo midahaloni hupewa dakika mbili tu.

Wakimbizi. Hapa nataka tukae, maana wapo humu waliotoka Kongo wakapitia Nyarugusu kule Kigoma, na wana ndugu waliobaki kambini. Sheria ya 1980 inampa rais kazi ya kuweka kikomo cha wakimbizi watakaopokelewa kila mwaka wa fedha, unaoanza tarehe 1 Oktoba. Anatakiwa kushauriana na Bunge. Kushauriana, si kuomba kura. Sasa tazameni namba. Kwa mwaka wa fedha 2017 Obama aliweka 110,000. Trump akaweka 45,000 kwa 2018, kisha 30,000, kisha 18,000, kisha 15,000. Biden akapandisha hadi 62,500 Mei 2021, na 125,000 kwa mwaka uliofuata. Trump aliporudi Januari 2025 alisimamisha mpango wenyewe siku ya kwanza, na kwa mwaka wa fedha 2026 akaweka 7,500. Hakuna hata namba moja kati ya hizo iliyopigiwa kura bungeni. Mama anayesubiri mwanawe atoke kambini, kwake huo ndio uchaguzi mzima, na mgombea hajaulizwa swali hilo hata mara moja!

Na bahati nasibu ya green card vilevile. Tarehe 31 Januari 2020 Watanzania walizuiwa kupata viza hizo kwa tangazo la rais, na tarehe 20 Januari 2021 rais mwingine akalifuta. Karatasi moja ilifunga, karatasi moja ikafungua.

Mtaniuliza, ahadi za sheria tuzipuuze? Msizipuuze, zihamisheni. Kama inahitaji maseneta 60, mpimeni na mgombea useneta kwenye karatasi ileile ya kura. Kila miaka miwili theluthi moja hivi ya Seneti inagombewa, na inauma kuona mtu amejaza nafasi ya urais akaacha nyingine zote wazi.

Kuhusu majimbo nitakwenda haraka. Rais huchaguliwa rasmi na wajumbe wa majimbo, na ushindi ni kura zao 270 kati ya 538, na Maine na Nebraska pekee ndiyo hugawa kura zao kwa wilaya za uchaguzi. Asiwadanganye mtu kwamba kura moja haihesabiki. Florida mwaka 2000 iliamuliwa kwa kura 537. Georgia 2020, kwa 11,779 kati ya karibu milioni tano.

Majaji nao huteuliwa na rais nafasi ikiwa wazi: Carter hakupata nafasi ya kuteua hata mmoja wa Mahakama ya Juu, Trump aliteua watatu katika muhula wake wa kwanza. Nilitaka kueleza na wafadhili wa kampeni, lakini naona naonyeshwa saa.

Basi la mwisho, mgombea mwenza. Seneti ikifungana, kura ya makamu wa rais ndiyo inayoamua, na Kamala Harris aliipiga mara 33, kuliko makamu yeyote kabla yake. Kwa hiyo mgombea mwenza naye apewe karatasi yake, safu tatu zilezile, na kama aliwahi kuwa bungeni anzeni na kura alizopiga huko.