Kujitambulisha kwa Kijapani: hiyo "shi" imeze

Karibuni tena. Leo andaa daftari, na kioo kama unacho, kwa sababu tunafanya kile Wajapani wanachokiita jiko shookai, yaani kujitambulisha. Jiko hapa si la mkaa, wala si lile ambalo mtu "anapata" akioa. Kwao ni nafsi yako mwenyewe.

Habari njema ni kwamba vokali zao tano ndizo hizihizi zetu. Tuanze.

Sentensi ya kwanza: Hajimemashite. Ni salamu ya mtu unayekutana naye mara ya kwanza. Kesho mkionana tena huirudii. Na hapa ndipo ulimi wetu unapotuchongea. Mswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo wengi husema "hajimema-SHI-te", kwa nguvu zote. Mjapani silabi hiyohiyo ndiyo anayoimeza. Weka vidole viwili kooni. Sema "shi" ya shida: koo linatetema, sivyo? Sasa fanya "shhh" ya kumnyamazisha mtoto. Koo limetulia. Hiyo ndiyo tunayoitaka: hajimemash-te. Usiikimbize, ipe muda wake, ila iwe pumzi tu. Rudia mara tano. Nakusubiri.

Sentensi ya pili ni jina. Mimi nasema: Rehema desu. Ile "u" ya mwisho nayo karibu haisikiki, ni "des". Vitabu vingi vitakuanzishia "watashi wa", yaani "mimi". Si kosa, lakini umesimama mbele ya watu na wote wanakutazama. Wameshajua ni wewe.

Usijiongezee "san". Siku yangu ya kwanza darasani nilijiita "Rehema-san" kwa kujiamini kabisa, darasa likaangua kicheko, mwalimu akainamia karatasi zake. San ni heshima unayompa mwenzako. Kujipa mwenyewe ni sawa na kujiamkia shikamoo.

Jiandae pia jina lako kubadilika kidogo. Hawana "l", kwa hiyo Halima anakuwa Harima na Salma anakuwa Saruma. Ali anakuwa Ari, na ari kwao ni sisimizi, lakini hakuna atakayekucheka kwa hilo. "M" ya mwanzo inayosimama peke yake hupewa "u": Mkapa waliandika Mukapa. Usibishane nao. Jifunze jina lako linavyoandikwa kwa katakana, mwandiko wao wa maneno ya kigeni, na ulitamke hivyohivyo.

Ya tatu: Tanzania kara kimashita. Nimetoka Tanzania. "Kara" ndiyo "kutoka", ila kwao inakaa nyuma ya jina la mahali. Ukiwa Mkenya, nchi yako inaitwa Kenia. Na tazama ile "shi" imerudi palepale: kimash-ta. Ah, na mwenyeji akikwambia yeye anatoka Kumamoto, jikaze usicheke. Ni mkoa mkubwa tu kule kwenye kisiwa cha Kyushu, na neno lake la mwanzo ni mnyama dubu.

Kazi tunaipita haraka. Mwanafunzi: gakusei desu. Injinia: enjinia desu, hiyo hata huhitaji kuikariri. Ila mwalimu usiseme "sensei desu", maana sensei ni jina la heshima unaloitwa na wengine. Wewe sema kyooshi desu. Ni mambo yaleyale ya shikamoo.

Ya mwisho: Doozo yoroshiku onegai shimasu. Hiyo "oo" ivute kama ya kondoo. Yoroshiku inasikika yorosh-ku, shimasu inasikika shimas. Tafsiri ya neno kwa neno haitakusaidia. Unachoomba ni kwamba wakupokee vizuri na mwende pamoja.

Sasa kuinama. Maliza kusema kwanza, ndipo uiname. Ukunje kiunoni, mgongo umenyooka, kama nyuzi 30 hivi, na macho yashuke pamoja na kichwa. Mwanamume mikono pembeni ya mapaja, mwanamke anaikutanisha mbele. Tulia kidogo, kisha inuka polepole. Usinyooshe mkono wa salamu huku unainama, mtagongana vichwa.

Akikujibu "kochira koso", amesema kwamba yeye ndiye wa kuomba hayo. Tabasamu.

Haya, simama mbele ya kioo, vidole kooni kwa zile "shi" tatu, kisha sitisha video na ujaribu peke yako. Nisikilize mara moja tu:

Hajimemash-te. Rehema des. Tanzania kara kimash-ta. Enjinia des. Doozo yorosh-ku onegai shimas.

Inama. Zamu yako.