Kulisha mimea ya mizizi kwenye tangi la samaki kwa madonge ya udongo

Karibu mtazamaji. Leo tunalisha mimea ya majini inayokula kwa mizizi na kukua polepole: Cryptocoryne, hii mifupi ya kahawia na kijani, na Echinodorus, ile yenye majani marefu kama mapanga. Ukimwaga mbolea ya maji tangini kila wiki, mimea hii inachukua kidogo sana. Kinachobaki kinaliwa na mwani, na ndani ya siku chache kioo kimeshika utando wa kijani. Kwa hiyo chakula tunakipeleka chini, mizizi iliko.

Kabla hatujaanza, angalia kama una Anubias. Mmea huu asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, na shina lake nene linatambaa kama tangawizi. Shina hilo ukilifukia mchangani linaoza, linakuwa teketeke, na majani yanang'oka yenyewe. Ufunge kwa uzi juu ya jiwe au kipande cha gogo. Madonge ya leo si yake.

Tuandae vitu. Tangi letu lina urefu wa sentimita 60 na upana wa 30. Tunahitaji konzi moja ya udongo wa mfinyanzi, kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya punje zenye ganda, ile inayoachia chakula taratibu kwa miezi 3 hadi 4, na koleo ndefu. Mbolea ulizia kwenye maduka ya pembejeo au kwa wauza maua na miche. Udongo, waulize wanaofinyanga vyungu wanauchimba wapi. Chagua mwekundu. Ule mweupe wa Pugu unafinyangika vizuri, ila chuma chake ni kidogo, na chuma ndicho tunachokitaka. Huku chini mchangani hewa ni haba, na pasipo hewa chuma cha udongo huyeyuka mizizi ikakinyonya.

Tafadhali, usiweke urea wala DAP badala ya punje zenye ganda, hata kama ndiyo iliyopo nyumbani. Hizo zinayeyuka upesi na kuacha amonia majini. Ukitumia maji ya kisima yaliyo magumu, pH yake, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ikipanda juu ya 7.5, amonia hiyo hiyo inazidi kuwa sumu, na samaki wanakufa usiku mmoja. Samadi mbichi nayo iache shambani.

Haya, tufinyange. Ponda udongo, utoe mawe na mizizi, tia maji kidogo kidogo huku ukikanda mpaka uwe kama donge la chapati, usioganda mkononi. Chukua kipande cha ukubwa wa harage kubwa, kibonyeze kati, weka punje 5 au 6, kisha funika na uviringishe. Punje yoyote isionekane nje.

Sasa sogea karibu uone hapa, maana ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Tuna glasi mbili za maji. Katika ya kwanza tunatia donge lililoanikwa juani hadi likakauka kabisa. Tazama: linatoa mapovu, linapasuka pembeni, na baada ya dakika chache limebaki rundo la tope na punje zimetapakaa. Udongo mkavu unayanywa maji kwa pupa na hewa iliyomo inaupasua. Katika glasi ya pili kuna donge lililokaa kivulini saa chache tu, gumu kwa nje lakini bado lina unyevu ukilibonyeza kwa ukucha. Hili limetulia. Hivyo ndivyo unavyotaka yawe. Ukitaka yawe magumu zaidi ya kusukumia, yalaze kwenye friza usiku kucha, ila uyatumbukize mara moja, kwa joto la Dar hayakawii kulegea.

Mchanga wako uwe na kina cha sentimita 5 au 6. Kama ni wa ufukweni, dondoshea siki kwanza. Ukitoa mapovu una chembe za kombe, na utafanya maji yawe magumu zaidi.

Shika donge kwa koleo, lisukume taratibu sentimita 4 au 5 kwenda chini, umbali wa vidole vitatu kutoka kwenye shina. Usilichomeke chini ya shina lenyewe, utakata mizizi, na Cryptocoryne ikisumbuliwa mizizi huyeyusha majani yake yote. Ikitokea hivyo usiing'oe, mizizi ikiwa hai itachipua tena. Fungua koleo, toa polepole, funika shimo kwa mchanga. Mmea mdogo donge moja, Echinodorus mkubwa mawili, kila moja upande wake. Kwa tangi hili usizidishe madonge 6 kwa mara ya kwanza.

Kesho yake badilisha robo ya maji. Ya bomba yana klorini, yaache kwenye ndoo wazi siku nzima, mpira wa hewa ukipuliza ndani. Ukiona samaki wanapanda juu kuhema, kuna donge limepasuka: litafute, lifyonze kwa mpira wa kutolea maji pamoja na tope lake, kisha badilisha nusu ya maji siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo subiri. Jani la zamani lenye manjano au matundu halirudi kuwa zima, usilitumie kupima. Pima kwa jani jipya linalotoka katikati, na kwa Cryptocoryne hilo linaweza kuchukua wiki 3 au 4. Likitoka limepauka huku mishipa yake ikibaki kijani, chuma bado hakitoshi: ongeza donge la udongo mwekundu mtupu, bila punje.

Muda wa punje hizi hupimwa kwenye joto la nyuzi 21. Maji ya Dar hufika 28 na zaidi, kwa hiyo zinaisha mapema kuliko pakiti inavyosema. Rudia kila baada ya wiki 8 hadi 10, na safari hii chomeka upande ambao hukuchomeka mwanzo.