Maneno ya Kutongozana katika Kijerumani cha Mtaani

Habari za jioni, ndugu zangu. Wengi wenu mnasoma Kijerumani ili mwende Ujerumani kusoma au kufanya kazi ya uuguzi. Vitabuni mmefundishwa kuagiza kahawa na kuulizia treni. Maneno ya kutongozana mwalimu huyaruka, na mimi naona si sawa, maana mtakutana nayo wiki ya kwanza tu, na anayeyatamka bila kujua uzito wake anaweza kumuudhi mtu vibaya.

Tuanze na anmachen. Kwa kitenzi hiki Mjerumani huwasha taa, hutia saladi mafuta na siki, na humtongoza mtu. Lakini ukiambiwa "Mach mich nicht an!" kwa ukali, hapo hakuna mapenzi: unaambiwa usilete uchokozi. Yale maneno ya kuanzia, ambayo vijana wa Nairobi huyaita mistari, kule kila moja ni Anmachspruch.

Halafu kuna anbaggern. Bagger ni katapila la kuchimbia, kwa hiyo picha ni ya mtu anayechimba bila kuchoka mpaka apate. Angraben nalo ni kuchimba. Yapo makali zaidi: aufreißen, yaani kupasua au kurarua, na abschleppen, kuvuta gari lililoharibika, linalosemwa kwa mtu aliyeondoka baa na mwenzi wa usiku mmoja. Sikilizeni vizuri yanavyotumika: wanaume huambiana wenyewe kwa wenyewe, mhusika akiwa hayupo. Hayo mawili siyapendi kabisa, kwa kuwa yanamfanya binadamu kuwa mzigo. Yaelewe, usiyaseme.

Ukitaka neno salama, flirten linapokelewa kila mahali. Bavaria na Austria utasikia anbandeln, lenye utepe ndani yake, kama vile wawili wanaanza kufungana taratibu. Na msemo ninaoupenda kuliko yote ni Süßholz raspeln, kukwangua urukususu, ule mzizi mtamu: kumwaga maneno matamu, au kupiga saundi kama wasemavyo Dar. Vijana nao wana yao. Mwaka 2022 neno la vijana la mwaka, katika shindano la Langenscheidt, wachapishaji wa kamusi, lilikuwa Smash, yaani kuanzisha mahusiano na mtu au kulala naye.

Ukikataliwa umepewa Korb, kapu. Katika Codex Manesse, kitabu cha mashairi cha karne ya 14 kilichohifadhiwa Heidelberg, kuna picha ya bibi aliye juu ya ngome akizungusha roda kumpandisha mpenzi wake aliyeketi ndani ya kitu kama kapu. Husimuliwa kwamba bibi asiyemtaka mtu alimshushia kapu lenye kitako kibovu. Siku hizi kapu hutolewa kwa neno moja, nein, na halina tafsiri ya pili. Tangu 2016 sheria ya makosa ya kujamiiana imejengwa juu ya msimamo huo, na kumshika mtu kimapenzi kwa namna ya kumsumbua ni kosa la jinai.

Mwisho, Sie na du, yaani "wewe" ya heshima na "wewe" ya watu waliozoeana. Baa na kwenye sherehe vijana huitana du tangu mwanzo. Mahali panapotumika Sie, mlango wa ukaribu ni swali "Wollen wir uns duzen?", yaani "Tuitane du?", na kwa desturi mkubwa kwa umri ndiye huliuliza. Ukiuliza wewe, na mwenzako akatabasamu kisha akaendelea na Sie, jibu umeshalipata.