Mgongo Uliosagika: Mhadhara Kuhusu Maumivu Sugu ya Kiuno

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, na ninyi nyote mliopambana na foleni ya jioni mkafika hapa, karibuni sana. Naona baadhi yenu mmekuja na zile bahasha kubwa za picha za MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mashine ya sumaku. Nawaomba mziweke chini ya viti kwa sasa, kwa kuwa sehemu kubwa ya nitakayoyasema inahusu namna bahasha hizo zinavyosomwa, na madhara ambayo usomaji huo umewaletea wagonjwa wengi ninaowahudumia katika fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, hapa Dar es Salaam.

Tunaposema maumivu sugu ya kiuno tuna maana ya maumivu yaliyopo kati ya mbavu za mwisho na makalio, na ambayo yamedumu kwa zaidi ya miezi 3. Kwa hesabu za mwaka 2020, watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na inakadiriwa kwamba watafikia milioni 843 ifikapo 2050. Hakuna maradhi mengine yanayowafanya watu wengi zaidi duniani washindwe kufanya shughuli zao.

Sehemu hiyo ya uti wa mgongo ina pingili 5, ndizo kubwa kuliko zote kwa sababu zinabeba uzito wa kiwiliwili kizima. Kati ya pingili moja na nyingine kuna diski, ambayo ni gegedu lenye ute mzito katikati na ukingo mgumu wa nyuzi. Nyuma yake kuna viungo vidogo viwili viwili, halafu kano, misuli, na matundu ambamo mishipa ya fahamu inapita kwenda miguuni. Chochote kati ya hivyo kinaweza kuuma. Figo hazimo katika orodha hii, ingawa kila wiki napokea mtu aliyekunywa dawa za figo au za UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kwa miezi kadhaa huku mkojo wake ukiwa hauna tatizo lolote. Maumivu ya figo kwa kawaida hukaa juu zaidi, chini ya mbavu, mara nyingi upande mmoja, hayabadiliki sana unapoinama au kunyooka, na aghalabu huja pamoja na homa au mabadiliko ya mkojo.

Sasa nije kwenye neno ambalo ndilo lililonileta hapa: kusagika. Mama mmoja, mama lishe wa Buguruni, aliumwa kiuno wiki chache baada ya msimu wa kazi nyingi. Akapigwa picha, akaambiwa kwa sentensi moja tu kwamba pingili zake zimesagika na asiiname tena. Aliponijia ilikuwa imepita miaka miwili. Aliketi kwenye kiti changu kama mtu anayetua trei ya mayai. Nilidondosha kanga sakafuni nikamwomba aiokote. Alishika ukingo wa meza, akabana pumzi, akakaza mgongo ukawa kama ubao, akashuka kwa magoti huku jasho likimtoka usoni, na kanga ile haikuwa na uzito hata wa robo kilo. Biashara alikwisha kumwachia mdogo wake. Watoto ndio waliofua, waliochota maji na waliopika.

Nilipoitazama picha yake niliona diski mbili zilizopungua maji na moja iliyotuna kidogo. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 zilizohusu picha za watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Miongoni mwa wenye miaka 80, asilimia 96. Diski zilizotuna zilionekana kwa asilimia 30 ya vijana hao wa miaka 20 wasioumwa. Kwa hiyo kinachoitwa kusagika mara nyingi ni mvi za mgongo, na hakuna daktari anayemwambia mgonjwa mwenye mvi kwamba kichwa chake kimeharibika. Picha ile ilisema kweli kuhusu umri wa yule mama, lakini ilisema machache sana kuhusu maumivu yake, na neno lililotumika kuifasiri ndilo lililomfunga nyumbani kwa miaka miwili.

Inakadiriwa kwamba katika wagonjwa wapatao 90 kwa kila 100 hatuwezi kunyoosha kidole kwenye mfupa au diski tukasema hiki ndicho chanzo. Hilo huwaudhi wagonjwa, nami nawaelewa, maana mtu aliyelipia picha kwa gharama kubwa anataka jina la ugonjwa. Tunachokijua ni kwamba mambo kadhaa hujumlishana: misuli iliyolegea, kukaa kutwa kwenye usukani wa daladala, kubeba mizigo mizito bila kupumzika, uzito mkubwa wa mwili, sigara, usingizi mbovu, sonona, wasiwasi wa kazi na wa ada za watoto. Maumivu yakidumu, mfumo wa fahamu wenyewe hubadilika ukawa mwepesi kupiga kelele. Ni kama mbwa wa getini aliyewahi kuvamiwa na wezi: mwanzoni alimbwekea mwizi, sasa anambwekea muuza maziwa, na hata jani likianguka. Kelele ni za kweli, na maumivu ni ya kweli kabisa, lakini si kila kelele ina maana kwamba ukuta umevunjwa.

Wapo hata hivyo wale wachache ambao ukuta umevunjwa kweli, na hao hawapaswi kupewa mazoezi kabla ya uchunguzi. Maumivu yanayoambatana na homa, jasho la usiku na kukonda yanatulazimu kufikiria kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho daktari Mwingereza Percivall Pott alikieleza mwaka 1779 na ambacho bado tunacho, kwa kuwa Tanzania imo katika nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali. Aliyewahi kuugua saratani ya tezi dume, ya matiti au nyingineyo asikae na maumivu mapya ya mgongo nyumbani. Kijana ambaye mgongo humkakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, akapata nafuu anapotembea na kuzidiwa anapopumzika, achunguzwe maradhi ya uvimbe wa viungo. Na mtu anayekufa ganzi sehemu anayokalia tandiko la baiskeli, au anayeshindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au ambaye miguu inalegea siku hadi siku, apelekwe hospitali usiku huohuo bila kungoja kukuche. Hapo mishipa ya fahamu inabanwa, na saa chache za kuchelewa zinaweza kumwachia ulemavu.

Kuhusu tiba, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa maumivu sugu ya kiuno Desemba 2023. Mwongozo huo unaunga mkono elimu kwa mgonjwa, mazoezi, kuchuliwa, tiba ya kubadili fikra na tabia, na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni. Haupendekezi mikanda ya mgongo, kuvutwa kwa mashine, wala dawa za jamii ya afyuni kama tramado kwa matumizi ya kawaida. Najua mikanda inauzwa kila kona Kariakoo. Aliyenunua asijilaumu, ila asiitegemee. Dawa nazo zitumike kwa muda mfupi na kwa ushauri, kwa sababu sindano za diklofenaki za kila wiki huleta vidonda vya tumbo, hupandisha presha na huziumiza figo, hata mtu akaishia na ule ugonjwa wa figo aliouogopa bure mwanzoni. Kulala kitandani siku nyingi ndiyo tiba mbaya kuliko zote hizo.

Upasuaji una nafasi yake, na hapa mjini una mabingwa wake. Humfaa zaidi mtu ambaye diski inabana mshipa na maumivu yanashuka mguuni hadi chini ya goti, yakawa hayajatulia baada ya wiki 6 hadi 12 za tiba nyingine, au mzee ambaye mfereji wa uti umekuwa mwembamba, yule anayesimama kila baada ya hatua chache lakini akiinamia toroli anatembea vizuri tu. Kwa anayeumwa kiuno peke yake bila mguu, kisu mara nyingi hakimpi anachokitarajia.

Yule mama tulianza naye na sufuria tupu. Aliinama, akaiinua, akaituliza juu ya meza, mara kumi, kila siku, akivuta pumzi badala ya kuibana. Wiki ya tatu tukaweka lita mbili za maji ndani yake. Siku za maumivu makali alipunguza maji, lakini hakuacha. Wakati huohuo alitembea jioni, kwanza dakika kumi, na jambo hili sasa lina ushahidi mzuri: utafiti uliofanywa Australia na kutangazwa 2024, wenye watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno, ulionyesha kwamba waliofuata mpango wa kutembea hatua kwa hatua hadi kufikia dakika 30, mara tano kwa wiki, walikaa siku 208 kwa wastani kabla maumivu hayajarudi, na wengine siku 112. Kwa joto letu hili, ni kabla ya saa moja asubuhi au baada ya jua kupungua. Mwezi wa nne aliinua ndoo ya lita ishirini ikiwa nusu, akarudi Buguruni kwenye jiko lake. Kiuno bado humuuma baadhi ya siku, na siku hizo anapika.

Mwenyekiti, naona wazee watatu kule nyuma wamechoka kukaa na wamesimama wakiegemea ukuta. Wamefanya vizuri, na wengine tusimame pia; tutayapokea maswali tukiwa wima, na mwenye bahasha yake sasa aitoe.