Jinsi ya kutambua madini ya kubuni unapotafsiri manukuu ya filamu

Karibuni sana watazamaji wangu. Leo tuko na kazi ninayoipenda kuliko zote, manukuu, yale maandishi ya chini ya filamu. Programu mmeshafungua, faili mmeshaingiza, hapo sina la kuongeza. Twende moja kwa moja kwenye majina ya Kiingereza ya vyuma na mawe: lipi la kweli, lipi limetungwa.

Kwanza, nakili sentensi daftarini. Sentensi nzima, si neno peke yake. Nitalirudia hili, msinichoke.

Pili, fungua jedwali la elementi. Langu limebandikwa ukutani... subirini, taa inameta kwenye nailoni, nisogeze kamera. Haya, sasa mnaona? Zimo elementi 118. Tunatafuta "vibranium". Hakuna. Hiyo ilianzia kwenye vitabu vya katuni vya Marvel mwaka 1966, na "adamantium" ikafuata 1969. Tafuteni sasa "thorium". Ukiisikia utaapa imetoka hadithini, maana jina lake ni la Thor, mungu wa radi wa watu wa Skandinavia. Lakini hii hapa, namba 90! "Titanium" nayo imepewa jina la majitu ya ngano za Kigiriki, na leo madaktari wanaunganishia mifupa iliyovunjika. Kwa hiyo "-ium" ya mwishoni haithibitishi chochote. Watunzi wameiazima kwa wanakemia.

Tatu, mawe yanayoishia na "-ite". "Kryptonite", jiwe linalomwishia nguvu Superman, ni ya kubuni, ilisikika redioni Marekani mwaka 1943. Ila "krypton" ni gesi ya kweli, iligunduliwa London mwaka 1898. Na "tanzanite" je? Mgeni asiyeijua Mererani, kule Tanzania inakochimbwa, anaweza kudhani tumeitunga! Jiwe lilipatikana 1967, kampuni ya Tiffany ya New York ikaliita hivyo mwaka uliofuata. "Tsavorite" vilevile, jina limetoka Tsavo, kule Kenya.

Sasa nne. Hapa punguzeni mwendo, tafadhali. Neno "adamant". Katika hadithi za zamani ni jiwe gumu lisilovunjika. Katika mazungumzo ya kila siku si jiwe kabisa, ni mtu aliyeshikilia msimamo wake. Mimi niliwahi kukutana nalo kwenye tamthilia ya kifamilia, mama anakatazwa kuuza nyumba. Nilikuwa nimetoka kutafsiri filamu ya mapanga, nikaandika "Mama alikuwa almasi." Mteja alirudisha faili lote, nikakesha siku mbili kulipitia upya. Ndiyo maana nasema sentensi nzima. Ukiandika neno peke yake daftarini, kamusi itakupa jiwe na utalichukua.

"Kryptonite" ina mtego uleule. Mtu akisema sukari ni "kryptonite" yake, hazungumzii jiwe, anasema sukari ndiyo udhaifu wake. Someni sentensi. Someni na iliyotangulia.

Mnasikia hiyo kelele? Ni mashine ya kusaga ya jirani, tutavumiliana nayo.

Tano, kuandika. La kweli lipe jina tulilonalo: "steel" ni chuma cha pua, "lead" ni risasi, na hapo angalieni isije ikaonekana ni ya bunduki. La kubuni liache na sura yake, maana mtazamaji analisikia likitamkwa. Lakini upanga wa kifalme ukiwa wa "steel", mimi naandika feleji. Ni neno letu la kale la panga nzuri, na linanipendeza mno mdomoni.

Na "adamant" likiwa jiwe kweli, andikeni almasi bila wasiwasi. Wagiriki walisema "adamas", kisichoshindika, Waarabu wakalipokea, likatufikia sisi. Adamantium na almasi ni za ukoo mmoja!

Haya, narudi kwenye ile tamthilia, mstari uleule. Nafuta. Naandika: "Mama alikataa katakata." Herufi 20, mstari mmoja unatosha. Nacheza kipande... mdomo wa mwigizaji na maandishi vinakwenda pamoja. Nahifadhi.